Meza ya Kuonja Maji

Juni 9

Bwawa limeanza kushuka. Leo asubuhi nimeliona lile jiwe jeupe tuliloliita Kipara tulipokuwa watoto, limechungulia juu ya maji karibu na mnara wa kuchotea. Kipara akitoka, kiangazi kimeingia. Marehemu mama akimwona tu alikuwa anaanza kuosha mapipa na kuyapanga nyuma ya nyumba. Nimeamua kukiandika kiangazi hiki kwa sababu ni cha kwanza tangu mtambo wa ozoni uanze kazi, na pia kwa sababu nikikaa bila kuandika nagombana na watu.

Binti yangu yuko shule ya bweni. Akija kuyasoma haya siku moja, ajue mambo yalivyokuwa. Mimi, mama yake, ni fundi wa maabara katika kituo cha kusafisha maji ya mji, na tunakaa nyumba ya kituo, hatua chache kutoka kwenye matangi. Babu yake alifanya kazi hapa hapa, na watu walimwita Mzee Ulimi. Siyo kwa maneno mengi, maana Baba ni mtu wa kununa, bali kwa kuonja maji.

Kila asubuhi bilauri zinapangwa kwenye meza ndefu ya maabara, kila moja imefunikwa kisahani, maji yamepashwa moto kidogo ili harufu iamke. Aliyekula kitunguu hakaribii. Aliyejipulizia manukato anasimama nje dirishani kama mtoto aliyechelewa shule. Tunaonja mmoja mmoja: mimi, dereva wa gari la maji, mwendesha pampu, mkuu wa kituo, na wa mwisho ni Baba. Alistaafu siku nyingi, lakini kiti chake hakijawahi kukaliwa na mtu mwingine. Anafunua kisahani, ananusa, anaonja, anatema kwenye sinki, halafu anasema, “Yaende mjini.” Hapo ndipo valvu kubwa inafunguliwa. Nimeyasikia maneno hayo tangu sijajua kuandika jina langu.

Juni 12

Upepo na vumbi. Hakuna jipya.

Juni 20

Leo Baba alionja, akakunja uso. “Udongo,” akasema.

Harufu ya udongo ndiyo ugonjwa wetu wa kiangazi. Bwawa likipungua, mwani unaota kwenye maji yenye joto, na mwani huo unayaachia maji harufu ya tope la zamani. Haidhuru, lakini inaudhi. Zamani tulikuwa tunavumilia tu. Sasa mtambo mpya unatia gesi ya ozoni ndani ya maji pamoja na dawa ya peroksaidi kidogo, na vitu hivyo vikikutana vinaunguza harufu, rangi na vijidudu bila moto. Niliupigania mtambo huu mwenyewe, nikaongea kwenye vikao mpaka nikaitwa Mama Ozoni.

Baba aliposema udongo, dereva naye akanusa tena bilauri yake akasema ndiyo, kwa mbali. Mwendesha pampu akasema kwa mbali. Nami nikasema kwa mbali. Mkuu wa kituo, ambaye sisi wote tunamwita Koleo, akaenda kuongeza ozoni. Jina hilo alilipata alipokuwa kijana chini ya Baba, kwa kutembea na koleo mfuko wa nyuma. Mpaka leo ana ofisi na tai, na koleo liko pale pale.

Nilipokuwa mdogo Baba aliniweka kwenye lile benchi la mezani, miguu inaning’inia, akanipa bilauri tatu. Nikamwambia hii inanuka hivi, ile inanuka vile. Akatikisa kichwa. Usiniambie yananukaje, akasema, niambie yanakupeleka wapi. Nikaonja nikamwambia yananipeleka kwenye mfereji nyuma ya shule. Alicheka siku hiyo, na Baba kucheka ni sawa na mvua ya Julai.

Julai 2

Bwawa limeshuka sana. Koleo ameagiza visima vya bondeni vifunguliwe, tuchanganye maji. Maji yake yana uchumvi, lakini ni maji.

Julai 5

Nimeunguza maharage. Nilikuwa nasoma, nikaja kushtuka jikoni kumejaa moshi. Baba alikuwa amekaa mlango wa jikoni huo huo, anafunga kamba ya kiatu. Nikayapakua yale ya juu kwa aibu, akayala yote bila neno, akaomba chumvi. Huyu ndiye aliyekuwa akimwambia mama, kutoka kwenye matangi, kwamba chungu cha jirani kimeshika chini. Uzee unampa mtu adabu, nikajiambia, na nikafurahi kukosa kuhubiriwa.

Julai 15

Baba kakunja uso tena. Udongo. Koleo akaongeza ozoni tena.

Jirani yangu fundi cherehani ananiambia maji ya mwaka huu ni kama ya mvua, anapigia pasi nguo nyeupe bila wasiwasi. Mama Ozoni, akasema, Mungu akupe maisha marefu. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba.

Julai 23

Udongo. Ozoni juu.

Julai 24

Joto. Paka wa jirani amezaa kwenye kabati la vifaa vya maabara, na Koleo amekataza wasihamishwe.

Julai 30

Nimetuma chupa za sampuli kwenye maabara kubwa. Sisi hapa hatuna kifaa cha kupimia kitu ninachokiogopa.

Ninachokiogopa ni hiki. Yale maji ya visima vya bondeni yana chumvi ndogo inaitwa bromaidi. Yenyewe haina neno, waliokuwa wakiishi bondeni wameinywa miaka. Lakini ozoni ikiigusa inaigeuza bromati, na bromati ni kitu kingine kabisa: mtu akiinywa miaka na miaka inaweza kumletea saratani. Haina harufu, haina rangi, haina ladha. Kadiri unavyoongeza ozoni ndivyo unavyoipika zaidi. Nilimtajia Koleo tulipofungua visima, akasema tupime tuone, na mimi nikachelewa kutuma chupa kwa sababu gari lilikuwa bovu. Basi tuone.

Agosti 4

Baba amekunja uso. Nimeanza kuuogopa uso huo.

Agosti 11

Simu imelia wakati nasafisha vichujio. Alikuwa ni mama mmoja wa maabara kubwa, anayeongea taratibu kama anamsomea mtoto. Akaniuliza kama nimekaa. Nikamwambia nimesimama, aseme tu. Akasema bromati imefika mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, wamerudia kupima, jibu ni lile lile.

Nilikaa.

Mtambo nilioupigania mimi, maji aliyonisifia fundi cherehani, yenye usafi wa kung’aa mpaka unaona alama za vidole upande wa pili wa bilauri, ndiyo yenye sumu. Na zamani, yaliponuka tope na watu wakatutukana njiani, yalikuwa hayana dhambi. Kwa muda nilichukia kila kitu kipya. Nikatamani vile vichujio vya zamani vya mchanga, na Baba akiwa na reki na viatu vya mpira, na mama akiita kutoka kwenye ua chakula kiko tayari.

Nikaenda kwa Koleo. Nikamwambia tupunguze ozoni leo na tufunge visima. Visima akakubali papo hapo, ingawa maana yake ni mgao wa maji. Ila kuhusu ozoni alitazama chini.

“Dada, mimi nilikuwa namtazama Mzee usoni. Akikunja, naongeza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.”

“Basi tumevunjika,” nikamwambia.

Alisema kama kwa ozoni yote hii Mzee bado anasikia udongo, tukipunguza, mji utakunywa tope lenyewe, watu watakimbilia maji ya madimbwi, na ya madimbwi yanaua kwa siku mbili, siyo miaka. Sikuweza kusema ni upuuzi. Akaniomba tusubiri Mzee aonje kesho na kesho kutwa, kisha tuamue. Mzee hajawahi kukosea, akasema, na niliona kwamba anaamini hivyo kama anavyoamini jua litachomoza.

Niliporudi maabara nikachukua bilauri ya maji ya leo, nikaifunika, nikaipasha moto, nikanusa kama Baba alivyonifundisha. Hakuna kitu. Nikanusa tena. Hakuna udongo, wala kwa mbali. Ndipo nikakumbuka yale maharage.

Agosti 12

Nimefanya jambo ambalo mtoto hapaswi kumfanyia baba yake, na ningelifanya tena.

Mchana alikuwa amekaa barazani na redio yake. Nikamletea vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na maji mabichi ya bwawani, yananuka mpaka nimeyabeba nikiwa nimegeuza uso. Cha pili kilikuwa na maji yaliyokenekwa ya maabara, ya mvuke uliopozwa, ambayo hayajawahi kuonana na udongo tangu yazaliwe. Nikamwomba anuse tu, asinywe, anisaidie kuamua. Alifurahi kuombwa. Akazima redio, akafuta mdomo, akanusa kimoja, akanusa kingine, akafumba macho. Halafu akakunja uso, akakisukuma kile cha maji ya maabara.

“Hiki ndicho kibaya,” akasema.

Uso wangu ulisema. Baba ni hodari wa kusoma nyuso, na leo ndiyo nimejua kwa nini amekuwa hodari zaidi siku hizi. Akavitazama vile vikombe, akanitazama mimi.

“Umeniwekea mtego, mwanangu.”

“Ndiyo, Baba.”

“Sisikii kitu,” akasema. “Tangu yale mafua ya mwaka jana. Chai, sabuni, moshi, vyote sawa tu.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza angesemaje, aende mezani atangaze pua imekufa, ili wampe soda na kumsindikiza mpaka getini? Ile meza ya asubuhi, akasema, ndiyo kitu pekee kinachomtoa kitandani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilitaka kumwambia, lakini ni yeye aliyenifundisha methali hiyo na sikuwa na moyo wa kumrudishia.

“Lakini udongo, Baba. Ulisema udongo.”

“Kipara ametoka. Akitoka Kipara, maji yananuka udongo, ndivyo ilivyokuwa tangu ujana wangu. Nikiinua ile bilauri harufu inanijia kweli kweli, siongopi. Inanijia na mama yako na mapipa yake. Na nilijua hata nikikosea, ninyi mpo. Nilidhani mnaonja.”

“Na sisi tulidhani unaonja wewe.”

Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Pale mezani tulikuwa wengi, kila mmoja kamwachia mwenzake ulimi.

Nikamweleza habari ya bromati, polepole, bila kuficha. Akauliza watu wameinywa? Nikamwambia wameinywa wiki kadhaa. Nikamweleza kwamba hesabu ya hatari yake ni ya miaka, siyo ya wiki, lakini lazima ikome sasa. Alikaa ameshika kile kikombe cha maji ya maabara kwa mikono miwili. Alionekana mdogo kuliko kiti.

“Kesho nitasema mwenyewe,” akasema. “Usinisemee.”

Agosti 13

Alivaa koti lake la kazi, la bluu lililopauka mabegani. Tulionja wote, mmoja mmoja, na ilipofika zamu yake hakufunua kisahani. Akasimama. Akasema pua yake imekufa tangu mwaka jana, na udongo aliokuwa akiusema ulikuwa wa miaka mingine. Akasema ozoni ipunguzwe leo, na kuanzia leo kila mtu aseme anachosikia yeye, asitazame uso wa mtu.

Dereva aliinamisha kichwa. Mwendesha pampu akasema, taratibu, kwamba kusema kweli yeye hakuwahi kuusikia udongo, alidhani pua yake ni ya kishamba. Koleo alitoa koleo mfukoni akaliweka mezani, sijui kwa nini, kisha akamshika Baba mkono, wakaenda wote wawili mpaka kwenye mtambo. Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Koleo alipunguza ozoni, akaongeza peroksaidi ili bromati isipikike.

“Mwalimu, nisamehe,” akasema.

“Nikusamehe nini? Uliniheshimu. Ila siku nyingine uniheshimu kwa kuniuliza.”

Mchana gari la matangazo limezunguka mjini. Koleo alilisoma tangazo mwenyewe kwenye kipaza sauti, bila kupaka rangi: kuna kitu kibaya kilizidi kwenye maji, tumekiona, tunakipunguza. Maji yatakuja kwa mgao na yatanuka udongo. Harufu haiui. Tulichokiondoa ndicho chenye hatari.

Agosti 20

Yananuka. Siyo tope, lakini udongo upo, wa kweli safari hii. Fundi cherehani amenisimamisha njiani na ndoo yake, akasema yale mazuri mliyatoa ya nini. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kwa hiyo yalipokuwa matamu ndiyo yalikuwa mabaya, na sasa yananuka ndiyo mazuri. Haya, Mama Ozoni.” Hakuniombea maisha marefu. Nimelia kidogo jikoni, kisha nimekasirika, kisha nimepika.

Agosti 28

Baba haji tena mezani. Anasema amechoka. Anaamka saa ile ile, anavaa, anakaa barazani na koti limefungwa vifungo vyote.

Mezani tunaonja na kubishana kama wabunge. Dereva, kumbe, ana pua nzuri kuliko sisi wote. Tukimaliza, hakuna anayejua aseme nini. Koleo anasema “sawa, fungua,” na kila mtu anatazama kile kiti.

Septemba 3

Mgao. Tumekosa maji hata sisi wa kituoni, na dereva amecheka mpaka akakaa chini.

Septemba 6

Majibu ya chupa za pili. Bromati imeshuka chini ya kiwango, tena mbali. Yule mama wa simu ameniambia pole na hongera kwa pumzi moja. Nilikimbia kumwambia Baba kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akasema vizuri, akawasha redio.

Septemba 19

Sasa ni mimi ninayemwonjea chakula. Nikimwambia chumvi inatosha, anaamini, ananung’unika, anakula.

Leo ameniita chumbani. Alikuwa amefungua sanduku la nguo za mama, ambalo hatujaligusa tangu msiba. Akanipa kitambaa chake cha kichwa akaniomba ninuse. Nilijua anauliza nini, na nilijua ningeweza kumdanganya asijue kamwe. Nikanusa kwa makini, kama mezani. Nikamwambia dawa ya nondo. Akangoja. Nikamwambia na kwa ndani kabisa kuna ile sabuni ya mche aliyokuwa akifulia.

“Sabuni ya mche,” akasema. “Ndiye yeye.”

Akakikunja akakirudisha. Miaka yote nimemchukulia Baba kama mtu wa mabomba na mchanga, asiyejua kutamka jambo la moyoni. Kumbe alikuwa analitunza mahali ambapo sisi wengine hatutazami, na sasa mlango wake umefungwa na anahitaji mtu wa kumchungulilia.

Oktoba 2

Mawingu ya mvua, halafu uongo.

Oktoba 17

Mvua. Ya kweli, ya kupiga mabati mpaka hatusikilizani. Tumesimama wote kwenye kibaraza cha maabara kama ng’ombe, hata Koleo na tai yake.

Oktoba 24

Kipara amezama. Bwawa limepanda, maji ni mekundu kwa tope la mtoni lakini mwani umekwisha, na visima bado vimefungwa. Nimemwambia Baba kesho ndiyo mara ya kwanza tutatoa maji mapya bila mgao. Akasema ni habari njema. Nikamwambia sitaki habari njema, namtaka mezani. Akauliza aje kufanya nini, kupamba? Nikamjibu kwamba mimi ninayo pua na sina pa kuipeleka.

Oktoba 25

Alikuja. Koti la bluu, vifungo vyote. Dereva akamvutia kiti. Hakuna aliyepiga makofi wala kusema maneno ya kwenye sherehe, nashukuru, maana angegeuza njia.

Tulionja mmoja mmoja na kila mtu akasema la kwake. Dereva hakusikia kitu. Mwendesha pampu alisikia chuma kidogo, cha bomba. Koleo alisema anasikia mvua, akaona haya. Ikabaki bilauri ya Baba. Akaisukuma mpaka mbele yangu.

“Yanakupeleka wapi?” akaniuliza.

Nikafunua kisahani. Nikanusa, nikaonja, nikakaa nayo mdomoni kidogo. Kulikuwa na udongo mwembamba sana, wa mwisho, na chini yake hakukuwa na chochote.

“Kwenye benchi hili,” nikamwambia. “Miguu yangu haifiki chini. Mama yuko nje anapanga mapipa.”

Baba alifumba macho. Alikaa hivyo, na sisi tukangoja, hata mwendesha pampu aliyekuwa ameshashika usukani wa valvu kubwa. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeonja.

“Yaende mjini,” akasema.